Nani Angesema "Simama"?

Kiwanja cha ndege cha Seronera, Serengeti, jua la utosi. Wageni wamechelewa porini, nadhani dereva alikuta chui. Sisi marubani wa ndege ndogo tumejibanza kwenye kivuli cha bawa la Caravan, mtu na chupa yake ya maji, tunapiga soga. Dogo mmoja, rubani mwenza aliyemaliza mafunzo juzijuzi, alikuwa ameinamia simu muda mrefu. Kumbe anasoma ripoti ya ajali.

"Wakubwa, nisaidieni," akasema. "Jamaa wamejua kabisa usukani umefungwa. Wanalitamka kwa midomo yao. Kwa nini hawakusimama?"

Kila mtu akawa na jibu. Mmoja akasema hofu. Mwingine akasema walishapita V1, ile kasi ya mwisho ya kukatisha kupaa, na ukishapita V1 unapaa, basi. Mwingine akawalaumu waliounda ndege. Ilikuwa ajali ya ile ndege ya Gulfstream G-IV iliyoungua Bedford, Massachusetts, usiku wa Mei 31, 2014, na kati yetu hakuna asiyeijua.

Kapteni mmoja mzee, ambaye muda wote alikuwa anachokonoa meno akiangalia upande wa pili, akauliza swali moja.

"Nani angesema?"

"Angesema nini, Kapteni?"

"Simama. Nani kati ya wale wawili angetamka, na mwenzake akatii?"

Tukasikia muungurumo wa gari la wageni. Tukatawanyika kila mtu na ndege yake. Swali likabaki na mimi.

Sekunde zenyewe

Jioni ile nilirudi kwenye ripoti ya NTSB, ile bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri. Niliwahi kuisoma, ila kwa haraka, kama tunavyosoma ajali za watu wengine. Safari hii niliisoma polepole.

Ndani walikuwa watu saba: marubani wawili, mhudumu mmoja na abiria wanne. Mwenye safari alikuwa Lewis Katz, tajiri wa miaka 72 ambaye siku nne kabla yeye na mshirika wake walikuwa wameshinda mnada wa gazeti la Philadelphia Inquirer kwa dola milioni 88. Walikuwa wanatoka kwenye hafla nyumbani kwa mwandishi wa historia Doris Kearns Goodwin, mjini Concord, wanarudi Atlantic City. Anga safi, upepo umetulia, njia ya kurukia ina zaidi ya mita 2,100. Saa tatu na dakika arobaini usiku.

Gulfstream ile ina kufuli la usukani. Ndege ikiegeshwa, kufuli hushika vibao vya mabawani, vibao vya mkiani vinavyoinua pua, na usukani wa mkia, ili upepo usivipigepige. Mpini wake uko pale pale kati ya marubani, pembeni ya leva za nguvu za injini. Cheklisti, ile orodha ya ukaguzi, inaagiza kulifungua kabla ya kuwasha injini. Halafu, kabla ya kuingia njiani, unatakiwa kuzungusha usukani mpaka mwisho kila upande, uone kuwa uko huru.

Hawakufungua. Hawakuzungusha.

Hapo bado hakuna maiti. Kusahau kufuli ni jambo la kibinadamu, na ndege yenyewe iliwakumbusha zaidi ya mara moja. Taa ya onyo kuhusu usukani wa mkia iliwaka. Wakaiongelea kidogo, wakaendelea. Leva za nguvu zilipogoma kwenda mbele kama kawaida, rubani kiongozi alisema kwamba kwa mkono hawezi kuzisogeza zaidi. Mfumo unaoongeza nguvu wenyewe ukasaidia kidogo. Ikatajwa noti 80, karibu kilomita 150 kwa saa. Ikatajwa V1. Ukatajwa wakati wa kuinua pua.

Pua haikuinuka.

Ndipo kinasa sauti kinamsikia rubani kiongozi akisema kwamba kufuli limefungwa. Akarudia. Akarudia tena. Alilitamka mara saba, katika muda wa sekunde kumi na kidogo.

Na katika sekunde hizo injini zilikuwa bado zinasukuma. Kama sekunde kumi zilipita kati ya lile neno la kwanza na breki kuanza kushika, na nguvu za injini zikapunguzwa baada ya hapo. Ndege ilifika karibu kilomita 300 kwa saa ikiwa bado ardhini. Ilimaliza lami, ikaingia kwenye majani, ikagonga antena, ikavunja uzio, ikaishia kwenye korongo la mto Shawsheen, ikawaka moto. Hakupona mtu.

Mikono yake ilikuwa na kazi gani wakati mdomo unarudia neno lile lile? Ripoti inaonyesha kwamba yaelekea alivuta mpini unaokata nguvu ya haidroliki kwenye vibao, ili kufuli liachie huku ndege inakimbia. Yaani alikuwa anatengeneza. Na hapo ndipo nilipoanza kumwelewa, jambo ambalo halikunifurahisha. Rubani ni mtu aliyefundishwa kwamba kila tatizo lina mpini wake. Ukiupata mpini, safari inaendelea, abiria hawajui kitu, kesho mnasimuliana mkicheka.

Mwenzake je? Katika sekunde zile zote kinasa sauti hakimsikii akiamuru kukatisha.

Mara 175

Ndege ile ilikuwa na kifaa kinachohifadhi taarifa za safari zake za nyuma. Wachunguzi wakazifukua. Katika mara 175 zilizotangulia ambazo marubani wale walipaa na ndege hiyo, asilimia 98 hawakufanya ukaguzi kamili wa usukani.

Niliposoma tarakimu hiyo mara ya kwanza, miaka ile, nilihukumu papo hapo: wazembe. Ni neno tamu, kwa sababu linawaweka wao kule na sisi huku. Lakini hawa hawakuwa vijana wa kubahatisha. Mmoja alikuwa na zaidi ya saa elfu kumi na moja angani, mwingine zaidi ya elfu kumi na nane. Walikuwa wameruka pamoja kwa kama miaka kumi na miwili. Kampuni yao ndogo ilikuwa imepita ukaguzi wa hiari wa kimataifa unaoitwa IS-BAO, tena si wa daraja la kwanza tu. Karatasi zilikuwa safi.

Miaka kumi na miwili.

Fikiria kukaa chumba kimoja na mtu kwa muda huo, umbali wa kiwiko. Unajua anakunywa kahawa gani. Unajua akikohoa ana maana gani. Mwaka wa kwanza mnasomeana cheklisti kwa sauti, swali na jibu. Mwaka wa tatu mnanong'ona. Mwaka wa tano kila mtu anajisomea kimoyomoyo, kama mzee anayevuta uradi kibarazani, na mwenzake anaamini kwamba shanga zinahesabiwa. Kwenye kinasa sauti cha usiku ule hakuna cheklisti iliyosomwa kwa swali na jibu. Kimya.

Na ndani ya kimya hicho hakuna aliyekuwa amekosewa heshima. Nadhani hili ndilo Kapteni alikuwa analiona pale Seronera akiwa na kijiti chake mdomoni. Kumuuliza mwenzako wa miaka kumi na miwili "umefungua kufuli?" kunafanana na kumshuku. Wachunguzi waliandika kuhusu kutofuata cheklisti kuliko kuwa tabia, na wako sahihi. Ila mimi naona kingine kilichopotea pamoja na ukaguzi: desturi ya kuulizana. Swali na jibu la cheklisti linakagua ndege, na papo hapo linawazoesha watu wawili kusemana. Mara 175 wangekuwa wametamkiana maneno ya amri, makavu, yasiyo na udugu ndani yake. Neno "simama" lingekuwa na njia ya kupita.

Siwezi kuthibitisha hilo. Hakuna kifaa kinachonasa jambo ambalo mtu hakulisema.

Lakini baada ya ajali, chama cha Marekani cha wenye ndege za biashara, NBAA, kilipewa kazi ya kuangalia wengine wanafanyaje. Zikachambuliwa safari 143,756 za ndege 379, za kuanzia 2013 hadi 2015, bila majina ya watu. Katika safari karibu 18 kwa kila 100, ukaguzi wa usukani ulifanywa nusunusu au haukufanywa kabisa. Wale wawili walikuwa wamezidi mno. Hawakuwa peke yao.

Kufuli la 1935

Kuna jambo linaloniuma kuhusu ajali hii. Cheklisti yenyewe, hiyo karatasi tunayoinung'unikia, ilizaliwa na kosa hili hili.

Oktoba 30, 1935, uwanja wa Wright Field, Dayton, Ohio. Boeing walikuwa wameleta ndege mpya kubwa ya kijeshi, Model 299, kuionyesha kwa jeshi. Kwenye usukani alikuwa Meja Ployer Hill, na Leslie Tower, rubani wa majaribio wa Boeing, alikuwa nyuma yake. Ndege ikapaa, ikasimama wima kuliko inavyotakiwa, ikaanguka, ikawaka. Hill na Tower walikufa. Sababu: kufuli la vibao halikuwa limefunguliwa.

Watu wa magazeti walisema ndege hiyo ni kubwa mno kwa rubani mmoja kukumbuka kila kitu. Marubani wa jeshi hawakuomba ndege ndogo. Wakaandika orodha. Ndege ile ikaja kuwa B-17, ndege ya mabomu, na orodha ikaenea dunia nzima mpaka kwenye mfuko wa mlango wa Caravan yangu.

Miaka 79 baadaye, kufuli lile lile.

Mtu wa kiwandani naye ana lake la kujibu. Sheria ya Marekani ilitaka kufuli la aina hii lizuie kupaa au limwonye rubani bila kificho. Gulfstream walikusudia leva za nguvu zisisogee zaidi ya digrii 6 kufuli likiwa limefungwa. Wachunguzi walipopima ndege za aina hiyo wakakuta zinasogea mara tatu mpaka nne ya hapo. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliipitisha kwa kuangalia michoro. NTSB iliwataja wote wawili, kiwanda na mamlaka, kuwa walichangia. Pale kivulini, jamaa yangu mmoja alishikilia hapo hapo hakubanduka: leva zingegoma kweli, wale watu wangekuwa hai. Ni kweli tupu. Ila mtu anayeisubiri leva igome ndiyo akumbuke kufuli, ameikabidhi leva kazi yake.

V1 na mabishano yake

Kwa nini basi tunapenda kuongelea V1? Kwa sababu ni rahisi. Ni namba. Ndiyo kasi ya mwisho ambayo bado ukianza kukatisha utasimama ndani ya lami. Ukiipita, unapaa hata kama injini moja imekufa. Tunafundishwa hivyo mpaka mkono unatoka wenyewe kwenye leva V1 ikitajwa, ili usishawishike.

Na mafundisho hayo yamelipiwa kwa damu. Septemba 19, 2008, karibu saa sita usiku, Learjet 60 ilikuwa inapaa Columbia, South Carolina, mpiga ngoma Travis Barker akiwa mmoja wa abiria. Matairi hayakuwa na upepo wa kutosha, maana hakuna aliyekuwa anayapima inavyotakiwa. Yakapasuka ndege ikiwa imeshapita V1. Kapteni akakatisha. Vipande vya mpira vikawa vimeharibu nyaya na mabomba, mfumo ukaamini ndege iko hewani, na injini zilizotakiwa kusukuma kinyume zikasukuma mbele. Ikatoka uwanjani, ikavuka barabara, ikaungua. Wanne walikufa, wawili wakapona na majeraha ya moto. Ndege ile ingeweza kupaa.

Hapo ndipo ubishi wa kivulini ulipotufunga. Yule wa Columbia alisimama, akaambiwa angepaa. Wa Bedford hawakusimama, wakaambiwa wangesimama. Dogo akacheka: "Kwa hiyo tufanyeje, wakubwa?"

Kitabuni jibu lipo. V1 ni ya ndege inayoweza kuruka. Ndege ambayo haiwezi kuruka haina V1. Hiyo ni gari lenye kasi mbaya, na kila sekunde unayongoja unanunua mita nyingine themanini za uharibifu. Sentensi hiyo unaielewa vizuri ukiwa umekaa chini ya bawa. Ugumu ni kuijua ndege yako ni ya aina gani, katika sekunde mbili, gizani.

Bedford hata ugumu huo hawakuwa nao. Walijua. Jambo lilikuwa limetajwa kwa jina lake, mara saba.

Anayeruka peke yake

Mara nyingi mimi huruka bila rubani mwenza. Kwa hiyo swali la Kapteni linanigeukia vibaya: anayesema ni mimi, anayesikia ni mimi. Kufuli la Caravan ni pini ya chuma yenye kibao chekundu, huwezi kukaa bila kuiona, au ndivyo tunavyoambiana. Nazungusha usukani kila mara huku natamka kwa sauti: kushoto, kulia, mbele, nyuma, huru. Wageni walioketi nyuma yangu wakati mwingine hucheka, wanadhani naomba dua. Mama mmoja wa Kijerumani aliwahi kuitikia "amina".

Lakini najihoji. Kutamka kwa miaka mingi nako kunaweza kuwa kimya cha aina nyingine. Mdomo unasema "huru" na jicho liko kwenye twiga aliyesimama ukingoni mwa kiwanja. Rubani wa Bedford naye alikuwa na mdomo unaosema kweli huku ndege inakwenda.

Nilimpigia Kapteni simu. Baada ya shikamoo na habari za mashamba nikamwambia lile swali limeninyima usingizi. Akacheka sana.

"Kasome Willow Run," akasema. "Halafu umtazame yule wa kulia."

Yule wa kulia

Machi 8, 2017, Willow Run, Michigan. Upepo wa kung'oa mabati. MD-83 ya kukodi imebeba timu ya mpira wa kikapu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Michigan kwenda Washington kwenye mashindano. Ndani watu 116. Kiti cha kushoto yuko kapteni anayejifunza aina hiyo ya ndege. Kulia yuko mkaguzi wake, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya safari.

Walikagua usukani kama inavyotakiwa. Ukawa huru. Ila kwenye MD-83 usukani hauvuti vibao vikubwa vya mkiani moja kwa moja. Unavuta vidogo vilivyo ukingoni mwake, na hewa ndiyo inayofanya kazi iliyobaki. Wakati ndege imeegeshwa karibu na hangari, upepo ulikuwa umekwishakwamisha kibao kimoja. Kutoka kwenye kiti hakuna namna ya kujua.

Wakapita V1. Kapteni akavuta. Pua haikuja. Akavuta tena, haikuja. Akaamuru kukatisha.

Na yule wa kulia akapinga! Sauti yake imo kwenye kinasa: haikatishwi ukishapita V1. Ni silika, ni mafundisho ya maisha yake yote yaliyomtoka. Angeweza kurudisha leva mbele, maana mamlaka alikuwa nayo na mwenzake ni mwanafunzi wake. Alipinga kwa mdomo, lakini hakugusa kitu. Akamwacha amalize alichoanza, kisha akasaidia.

Ndege ikamaliza lami, ikavunja uzio, magurudumu yakang'oka, ikalala. Eneo la usalama mwishoni mwa njia lilikuwa limerefushwa miaka ya nyuma, nalo lilisaidia sana. Watu wote 116 walitoka hai, mmoja akiwa na jeraha dogo. Kapteni alipoulizwa na mwenzake, alimwambia tu kwamba ndege ilikuwa hairuki. NTSB iliwasifu wote wawili: mmoja kwa kuamua upesi, mwingine kwa kutoingilia.

Nimeirudia sehemu hiyo zaidi ya zote. Wawili wale hawakuwa na udugu wa miaka kumi na miwili. Walikuwa mwalimu na mwanafunzi, kila mmoja anajua leva ziko mkononi mwa nani na nani anaamuru. Mwanafunzi akasema neno, mwalimu akaliona la makosa, na bado lilifanya kazi.

Nilimtumia dogo ripoti hiyo. Akajibu usiku kwamba mimi na Kapteni tunawapendelea, kwamba bila lile eneo la usalama tungekuwa tunawaita wajinga. Ana hoja, na bado hatujaimaliza.

Ile timu, kesho yake asubuhi ilipanda ndege nyingine. Jezi zao rasmi zilikuwa zimebaki ndani ya MD-83, hivyo wakacheza na Illinois wamevaa za mazoezi. Wakashinda, na Jumapili wakabeba kombe.